Waipa ya nyuma imekwama: namna ya kuipima na kuitengeneza kabla mvua haijashuka

Lubumbashi mvua ikishakatika mwezi wa nne, waipa ya nyuma inasahauliwa. Kuanzia Mei hadi mwisho wa Septemba hakuna anayeigusa, na miezi hiyo yote vumbi jekundu linajipenyeza chini ya raba, ndani ya kifuniko cha nati, na kwenye kile kiupenyo ambamo shafti, kile chuma kinachozungusha mkono wa waipa, inatokezea nje ya mlango. Halafu Oktoba au Novemba mvua ya kwanza inapiga, dereva anasokota swichi, na anachosikia ni mngurumo wa chini chini ndani ya mlango, au kimya kitupu. Kesho yake yuko sokoni anatafuta mota ya okazyo, yaani iliyokwisha kutumika.

Mara nyingi mota yenyewe ni nzima. Shafti ndiyo imeshikwa na kutu, au waya umekatika mahali usipoonekana, na mota ya okazyo ikifungwa kwenye waya uleule uliokatika nayo haitazunguka. Kwa hiyo shika jambo moja kabla ya kutoa hela: tafuta kwanza umeme unaishia wapi. Kazi yote inafanyika nyumbani kwa nusu siku, ukiacha usiku wa kuloweka shafti iliyokwama, kwa vifaa ambavyo fundi yeyote wa mitaa yetu ya Katuba au Ruashi anavyo kwenye ndoo yake.

Wako wanaosema esuiglasi ya nyuma, yaani hiyo waipa, ni pambo tu. Kwa sedani, sawa, inaweza kuishi bila hiyo. Lakini gari lenye mgongo uliokatwa wima, kama RAV4, Ist, Probox, Noah au Hiace, likienda kasi hewa ya nyuma yake inajizungusha na kuvuta vumbi na matope ya matairi mpaka juu ya kioo. Toka mjini kuelekea Likasi siku ya mvua, ukiwa katikati ya malori ya shaba, na baada ya kilomita chache kioo cha nyuma kimekuwa ukuta. Isitoshe, wengi wetu tuna usukani wa kulia katika nchi ambayo magari yanapita upande wa kulia. Dereva amekaa kando ya barabara, mbali na katikati, na kile kioo kidogo cha ndani kinachotazama nyuma ndicho kinachomwambia nani anakuja kumpita. Mimi siwezi kuita pambo kitu hicho.

Vifaa

Spana ya 10 na ya 12, bisibisi bapa na ya nyota, koleo, msasa laini wa namba 400 au 600, mafuta ya kulegeza kutu, grisi, tepu ya umeme nzuri, na kipande cha waya laini wenye nyuzi nyingi ndani. Usichukue waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu. Huo ukikunjwa kila siku na mlango utakatika tena.

Kifaa muhimu kuliko vyote ni taa ya kupimia, na hiyo jitengenezee mwenyewe. Chukua balbu ya taa ya breki, ya wati 21, uifunge waya mbili. Usitumie kale kataa kadogo kanakong'aa kwa umeme kidogo sana. Waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima kati ya ishirini bado unawasha kataa hako, nawe utasema umeme upo, kumbe hautoshi kuzungusha mota. Balbu ya wati 21 inavuta karibu ampea 2, kwa hiyo waya mgonjwa unajionyesha palepale: balbu inawaka kwa unyonge, au haiwaki kabisa. Mita ya namba nayo inadanganya kwa namna hiyohiyo, inaweza kuonyesha volti 12 kwenye waya usioweza kubeba mzigo wowote.

Hatua ya 1: sikiliza kwanza

Washa ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, injini ikiwa imezimwa na redio pia. Mlango wa nyuma uwe umefungwa, kwa sababu kwenye magari ambayo kioo cha nyuma kinafunguka peke yake, waipa inakatiwa umeme kioo kikiwa wazi. Mwagia kioo maji, mtu mmoja asokote swichi, wewe weka sikio kwenye mlango.

Ukisikia mngurumo lakini mkono hausogei, au unasogea kidogo na kufa, shika wazo la shafti iliyokwama. Ukisikia mota inazunguka vizuri huku mkono umelala, basi meno ya mkono yamelika pale unapokaa kwenye shafti, au giya ya ndani imekwisha. Kimya kabisa ni fyuzi, waya, swichi, au kaboni za mota, vile vipande vidogo vinavyoingiza umeme ndani ya mota. Na kama waipa inafanya kazi ila ukizima inasimama popote, hata katikati ya kioo, mota ni nzima: kilichoharibika ni kile kisahani cha shaba ndani yake kinachoipeleka nyumbani, yaani mahali mkono unapolala, au waya wa umeme wa kudumu unaokilisha.

Usijaribu kusukuma mkono kwa nguvu ili uone kama umekwama. Mota hizi zina giya ya parafujo, haizungushwi kutoka upande wa mkono hata ikiwa mpya. Utavunja meno ya plastiki ndani, na tatizo lililokuwa la grisi litakuwa la kununua mota.

Hatua ya 2: fyuzi

Tazama kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi, tafuta alama ya kioo na waipa ya nyuma. Mara nyingi ni ya ampea 10 (nyekundu) au 15 (buluu). Itoe, itazame kwenye mwanga, na kama haieleweki ipime kwa balbu. Imeungua? Weka nyingine ya ampea zilezile, ujaribu mara moja tu. Ikiungua tena, acha. Iko sababu: shafti iliyokwama, au waya uliochubuka na kugusa bodi.

Hapa nasema kwa uzito. Nimeona magari ambayo mahali pa fyuzi ya waipa pamewekwa kipande cha waya, au karatasi ya sigara inayong'aa. Waya unaokwenda mlango wa nyuma unapita chini ya zulia na ndani ya plastiki za pembeni, mara nyingine sambamba na bomba la kujazia esansi (petroli). Mota ikikwama na fyuzi isikatike, kitakachoungua ni waya huo.

Hatua ya 3: mpira wa juu ya mlango

Fungua mlango wa nyuma, utazame juu karibu na bawaba. Kuna bomba la mpira lenye mikunjo linalotoka kwenye bodi na kuingia mlangoni. Waya zote za mlango zinapita humo: waipa, taa ya namba, kufuli, mistari ya kupasha kioo joto. Kila mlango unapofunguliwa zinakunjwa, na baada ya miaka kumi na tano plastiki yake imekuwa ngumu na inapasuka. Gari lililofanya kazi ya teksi au ya kubeba mizigo ya soko la Kenya, lile la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, mlango wake umefunguliwa mara zisizohesabika.

Dalili yake haina shida kuitambua: waipa inafanya kazi mlango ukiwa nusu wazi na kufa ukifungwa, au taa ya namba nayo inawaka na kuzima kama inavyotaka. Chomoa ncha za mpira kwa bisibisi bapa, usukume nyuma, halafu shika waya moja moja na uivute taratibu. Nzima inakaza. Iliyokatika inanyooka mkononi, kwa sababu ganda bado ni zima huku shaba ya ndani imeachana, ukiipasua unakuta ncha mbili zimekuwa za kijani. Usiamini macho peke yake hapa. Vuta zote.

Kabla ya kukata chochote, toa waya hasi ya betri. Usiunge pale pale palipokatika, kwa sababu hapo ndipo panapokunjwa na kiungo kigumu kitavunjika tena. Kata pande zote mbili mpaka upate shaba nyekundu, ongeza kipande kipya cha waya laini cha sentimita 15 au 20, ili viungo viwili viwe nje ya mkunjo, kimoja ndani ya bodi na kingine ndani ya mlango. Lehemu kwa bati, visha mpira mwembamba unaosinyaa kwa joto, na kama unatengeneza waya kadhaa, viungo visikae kwenye mstari mmoja, vinginevyo furushi halitapita tena kwenye mpira. Ukimaliza, rudisha mpira vizuri kwenye matundu yake. Ukikaa vibaya, maji ya mvua yanafuata waya mpaka ndani ya mlango.

Hatua ya 4: pima kwenye plagi ya mota

Kama waya ni nzima, vua plastiki ya ndani ya mlango. Tafuta kwanza skrubu zilizojificha chini ya vifuniko vidogo na kwenye mshikio, kisha vuta vibanio kimoja kimoja, bisibisi ikiwa imefungwa kitambaa. Plastiki ya gari la zamani iliyokaa juani inavunjika upesi, kwa hiyo fanya kazi hii asubuhi gari likiwa limeshapata joto kidogo. Mwezi wa sita na wa saba Lubumbashi kunapoamka na baridi, vibanio vinakatika kama biskuti. Chunga pia ile mistari ya kahawia iliyochorwa upande wa ndani wa kioo. Bisibisi ikiikwaruza, mstari huo hautapasha joto tena.

Chomoa plagi ya mota. Utakuta waya tatu au nne. Betri ikiwa imerudishwa na ufunguo umewashwa, funga waya mmoja wa balbu kwenye chuma safi cha bodi, na kwa mwingine gusa matundu ya plagi moja moja. Swichi ya waipa ikiwa imezimwa, tundu moja kwa kawaida lina umeme: huo ni wa kurudisha mkono nyumbani. Washa swichi, na tundu jingine lipate umeme. Likikosa, tatizo liko mbele, kwenye swichi ya usukani au katikati ya njia, na mota haina kosa.

Sasa hamisha ule waya wa bodi, uuguse kwenye tundu la masi, yaani la umeme kurudi kwenye betri, ndani ya plagi yenyewe. Kwenye Toyota waya huo ni mweupe wenye mstari mweusi. Balbu ikiwaka ulipoifunga kwenye bodi lakini isiwake kwenye masi ya plagi, umeme unafika ila haurudi. Fuata waya huo mpaka kwenye boliti unapofungwa, uikwangue kutu, uifunge tena. Hili linapuuzwa sana, na mafundi wanabadilisha mota kwa sababu ya boliti moja yenye kutu.

Umeme ukifika na masi ikiwa nzuri, lisha mota moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi ya ampea 15 ikiwa katikati ya waya wako. Ikinguruma bila kuzunguka, nenda hatua ya 5. Ikikaa kimya, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi huku umeme unaingia. Ikistuka na kuzunguka, kaboni zimelika au zimenasa.

Hatua ya 5: kutoa mkono na mota

Inua kifuniko cha plastiki cha mkono, fungua nati, kisha shida inaanza: mkono hautoki. Alumini na chuma vimekaa pamoja miaka mingi, vumbi na maji vimeviunganisha. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, subiri nusu saa, urudie. Rudisha nati kwa mizunguko miwili tu ili kulinda meno ya shafti, halafu inua mkono usilale kwenye kioo na uutikise kulia na kushoto. Ukikataa, azima kivutio kidogo, cha aina ile wanayotumia kutoa vichwa vya betri. Nyundo weka mbali kabisa. Shafti ikipinda mota imekwisha, na kwenye magari ambayo shafti inapita katikati ya kioo, pigo moja linakupasulia kioo.

Mota yenyewe inashikwa na boliti tatu hivi za 10. Weka alama mahali ilipokaa kabla ya kuitoa.

Hatua ya 6: kuifungua shafti

Hapa ndipo magari mengi ya mji huu yanaponea, kwa hiyo usiharakishe.

Fungua kifuniko cha sanduku la giya. Ndani kuna grisi ya kiwandani, na kwenye gari la zamani imeshakuwa ya njano, kavu, imejikusanya pembeni ambako haigusi meno. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote. Kuna giya kubwa ya plastiki, na mkono mfupi wa chuma unaoiunganisha na shafti ya kutokea. Toa mkono huo, kisha jaribu kuzungusha shafti peke yake kwa vidole. Inatakiwa izunguke bila kubisha. Kama lazima ushike koleo, umeshampata mgonjwa wako.

Mwagia mafuta pande zote mbili, acha hata usiku mzima. Kesho yake izungushe taratibu mbele na nyuma, robo mzunguko, ukiongeza mafuta kila ikilainika. Nje, toa pete ndogo ya chuma inayoizuia na pete ya mpira iliyo chini yake, kisha sukuma shafti itoke kwa ndani, ukitumia kipande cha mti, usipige chuma kwa chuma. Itakapotoka utaona vitu viwili: kutu ya kahawia kwenye shafti, na unga mweupe kwenye tundu la alumini. Huo unga ndio unaobana. Alumini ikioza inavimba, na tundu linakuwa dogo kuliko shafti.

Sugua shafti kwa msasa mpaka ing'ae, ila usiondoe chuma. Kunja msasa kwenye kijiti, usafishe tundu. Futa kila chembe, kwa sababu unga wa msasa ukibaki ndani utakula vyuma vyote viwili. Paka grisi kote, weka pete mpya ya mpira ya ukubwa uleule, maana ile ya zamani ndiyo iliyoruhusu maji. Ukirudishia pete kuukuu, mwaka kesho utarudia kazi yote. Ndani ya sanduku toa grisi iliyokauka, weka mpya kwenye meno, lakini usipake kwenye kisahani cha shaba. Hicho kifute kwa kitambaa kikavu, na kama kimekuwa cheusi kipitishe msasa laini sana.

Meno ya giya ya plastiki yakiwa yamekatika, hakuna ujanja. Hapo ndipo unatafuta mota nyingine.

Mota ya okazyo, ikibidi

Nenda na ya zamani mkononi. Muuzaji mwaminifu atakuambia mwenyewe, "Papa, leta ile ya kwako tuzilinganishe," na asiposema, linganisha wewe: matundu ya boliti, idadi ya pini kwenye plagi, urefu wa shafti na meno yake. Kisha omba betri. Iendeshe dakika mbili nzima, shika shafti kwa kitambaa usikie kama inapungua nguvu. Mota ambayo haikubaliwi kujaribiwa, iache mezani.

Hatua ya 7: kurudisha

Funga mota, rudisha plagi, lakini mkono bado. Washa waipa bila mkono, iache izunguke mara kadhaa, uizime kwa swichi, si kwa ufunguo. Shafti itasimama mahali pake pa nyumbani. Sasa ndipo uweke mkono, raba ikiwa imelala pale pa kawaida kwenye kioo. Ukitazama kwa karibu utaona alama ya zamani ya uchafu. Ukiweka mkono kwanza na kujaribu baadaye, utapiga ukingo wa mlango au kutoka nje ya kioo. Paka grisi kidogo kwenye meno kabla ya nati, na nati ikaze kwa kiasi, meno ya alumini ni laini.

Maji ya kioo cha nyuma

Kama maji hayaruki, sikiliza pampu. Ikilia bila maji kutoka, kitobo kimezibwa na vumbi au bomba limechomoka. Zibua kwa sindano nyembamba. Usipuuze bomba linalovuja: hupita kwenye ule mpira wa juu wa waya, na kwenye magari mengine maji yanatokea katikati ya shafti yenyewe, kwa hiyo kiungo kilichopasuka kinamwaga maji juu ya mota. Tazama chini ya plastiki kama pana unyevu kabla ya kufunga.

Raba na kiangazi

Raba pima kwa sentimita, na uangalie kishikio chake, kwa sababu za nyuma nyingi zina kishikio cha plastiki kisichofanana na cha mbele. Jua la kiangazi linaikausha hata isipotumika. Na usiwashe waipa kamwe kwenye kioo kikavu chenye vumbi letu. Lina chembe za mchanga, na mchoro utakaoachwa hautoki. Kila unapoosha gari kati ya Mei na Septemba, kioo kikiwa bado kinachuruzika maji, iwashe iende na kurudi mara kumi, kisha dondosha tone la mafuta pale shafti inapotokezea.